Mzee Songoro Aliomba Aoshwe

Assalaam alaykum wote mliofika, na poleni kwa safari ya boti wakwe zetu wa Mwamgongo. Mimi ni Shomari, mdogo wake marehemu, baba mmoja mama mmoja. Nimeambiwa nisome kwa heshima na nisitie chumvi. Karatasi mlizoshika zimechapwa leo baada ya maiti kuoshwa, ndiyo maana wino unawapaka vidole.

Marehemu Mzee Songoro Mrisho Kitumba alizaliwa tarehe 3 Machi 1955 hapa Ujiji, mtoto wa kwanza wa Mzee Mrisho Kitumba na Bi Tausi binti Feruzi. Alitangulia yeye, kisha nikaja mimi, na mama alikuwa akisema uzuri wote ulingoja zamu ya pili.

Alihitimu Qur'ani kwa maalimu wa mtaani, na mwaka 1970 akamaliza darasa la saba. Mimi niliishia la nne, lakini kwenye hesabu alikuwa akija kuniuliza mimi. Anayebisha amechelewa kumuuliza.

Alianza kazi ya kushona nyavu za wavuvi kule Ilagala. Mwaka 1976 akaingia jeshini, na vita vya Kagera vilipoanza mwishoni mwa 1978, alikwenda. Alirudi katikati ya mwaka uliofuata na kipande cha chuma ndani ya nyonga. Madaktari walisema kuking'oa ni hatari kuliko kukiacha, kwa hiyo akaishi nacho.

Stesheni ya Kigoma alipokewa kwa ngoma. Msikitini mzee mmoja alimnyima mkono, akamuuliza, "Songoro, umekwenda kuwapiga Waislamu wenzako?" Marehemu alimjibu kwa adabu: "Mzee wangu, nchi ilivamiwa, nikaitwa. Sikujua dini ya mtu mpaka nilipomzika." Wapiga ngoma nao hakuwapa la maana. Walitaka hadithi, yeye akataka kulala.

Hadithi walizipata kwangu. Hapa kwenye baraza la kahawa hakuna aliyevisimulia vita vile kunishinda mimi. Vifaru nilivilipua kwa kikombe mkononi. Siku moja marehemu alinikuta katikati ya mapambano, akaniuliza mbele za watu, "Shomari, wewe ulikuwa kikosi gani?" Nikamwambia, "Kikosi cha kahawa, kaka." Watu walicheka mpaka wakamwaga vikombe. Yeye hakucheka.

Mwaka 1982 alimwoa Bi Honorata wa Mwamgongo. Bibi harusi alisilimu akaitwa Hanifa, lakini marehemu alimwita Honorata maisha yake yote, akisema ndilo jina lililomkubali. Siku ya posa nilikuwepo, na ndimi niliyependeza. Mama mkwe alimuuliza, "Baba, huko vitani ulikuwa ukifanya nini?" Akasema, "Nilikuwa nachimba, mama." Mama mkwe akafurahi, akasema basi shamba la binti yake halitaota majani.

Alichochimba ni mahandaki na makaburi. Hilo alinieleza mara moja tu. Walimzika Dismasi, rafiki yake wa Kasulu, na kando yake askari wa upande wa pili, ambaye alikuwa na alama ya sijida kwenye paji la uso kubwa kuliko ya imamu wetu. Hapakuwa na maji wala nafasi. Amri ilitoka ya kusonga mbele, wakawafukia na matope yao.

Aliporudi akajifunza kuosha maiti. Ameosha Ujiji, ameosha Rusimbi, tajiri na mlevi, wala hakupokea malipo.

Mwezi Aprili mwaka huu nyonga ilivimba na kidonda cha zamani kikafunguka. Alilazwa, akarudi nyumbani, akalazwa tena. Julai mjukuu wake Rehani, mtoto wa binti yake Yasmini, alichaguliwa kwenda JKT. Alikuja kitandani akifurahi.

"Babu, nitakuwa kama wewe."

"Kama mimi nani?"

"Shujaa."

"Nani kakwambia?"

Rehani alinitazama. Mimi nikatazama dari.

"Sikukatazi jeshi," marehemu akamwambia. "Mtu kulinda kwao hana dhambi. Ila usiende kwa sababu ya hadithi za Shomari. Na nikifa, wewe ndiye utakayeniosha. Usiache."

Alifariki jana Alhamisi, tarehe 14 Agosti 2025, alasiri.

Leo asubuhi Rehani alitoa magwanda ya babu yake sandukuni. Akasema kilichomuua ni chuma cha vitani, kwa hiyo ni shahidi, na shahidi haoshwi, anazikwa na nguo zake. Vijana wa baraza wakamwunga mkono. Imamu akawaeleza kuwa asiyeoshwa ni yule anayefia palepale vitani. Aliyerudi kwao akala, akaoa, akazeeka, anaoshwa, na malipo yake anayajua Mungu. Rehani akabaki amesimama mlangoni na magwanda kifuani. Swala ya Ijumaa ilikuwa inakaribia, na hakuna aliyethubutu kumshika mkono.

Yasmini akamwambia, "Mwanangu, maji yanapoa. Babu yako alikuomba."

Akaingia. Mimi nilikaa nje nikisikiliza maji. Niliogopa atatoka na kiburi zaidi kuliko alivyoingia, au atatoka mbio. Alitoka na mikono imelowa mpaka viwikoni. Alikuwa amekiona kidonda.

Akaniuliza, "Babu Shomari, wale waliofia kule vitani nani aliwaosha?"

Mnanijua, jibu halijawahi kunipotea. Nikamwambia, "Hakuna, mjukuu wangu."

Akakunja magwanda akampa mama yake. Safari yake ya JKT ni Jumatatu. Begi alilokwisha kulifunga liko palepale alipoliweka. Hajasema kama anakwenda, nasi hatujamuuliza.

Marehemu ameacha mjane, Bi Honorata, watoto wawili, Yasmini na Zuberi, wajukuu watano, Rehani akiwa mkubwa wao, na mimi.

Kaka, pumzika kwa amani, umeoshwa kama ulivyotaka. Na wale uliowafukia bila maji, Mola awaoshe kwa rehema Yake.