Alama Niliyoiruka

Sogeeni, wanangu, wewe kifunguamimba kaa huku kwenye sikio linalosikia, na wewe kitindamimba weka hiyo simu chini, maana nikishasema sitarudia, pumzi yenyewe ni ya kuazima.

Mnajua nilipiga chapa miaka thelathini na mmoja katika idara ya fizikia, na shule yangu iliishia darasa la nane. Mkuu wangu alikuwa yule profesa tuliyemwita Bwana Tuseme, kwa kuwa hakuweza kufungua kinywa bila neno hilo: tuseme nyota haina uzito, tuseme wakati unarudi nyuma, hata chai aliiagiza hivyo, "Mama, tuseme sukari ipo." Hakuwa na darubini wala chupa za maabara, kazi yake ilikuwa karatasi, kalamu na dirisha. Asubuhi moja alichana kazi ya miaka minne kwa kuwa aliona haisimami, nikadhani atalia, kumbe anacheka. "Leo najua kitu kimoja ambacho si kweli," akaniambia, "jana sikukijua." Namshukuru Mungu aliyenikalisha karibu na mtu wa namna ile.

Mimi nilipiga maneno tu. Penye hesabu niliacha nafasi nyeupe, naye akazijaza kwa wino. Fizikia niliijua kwa upana wa nafasi zake. Sasa mwaka aliovunjika mkono, alinipa rasimu aliyokwisha kuiandika ili zile nafasi nizijaze mimi, nikajiona nami profesa, na katika mstari wa tatu nikaruka alama ya kutoa, kijistari kisichozidi ukope wa mtoto. Makala ikachapishwa, barua za kumkosoa zikaja kutoka nchi za mbali. Kwenye chumba cha chai mwenzake mmoja akapaza sauti, "Tuseme Bwana Tuseme hajui kutoa!" Wakacheka mpaka chai ikamwagika, na mimi niliyejua nikaendelea kumimina. Yeye akasema, "Kosa ni langu," akaandika masahihisho kwa jina lake. Nikaichomoa ile rasimu yenye alama mahali pake, nikaja kuificha nyumbani. Miaka ishirini na sita nimewafundisha kusema kweli huku kweli nimeilalia. Nisameheni.

Alipougua nilikwenda kumwungamia. "Mama," akasema, "nilijua siku ile ile. Rasimu ilitoweka, na panya wa idara yetu hawasomi fizikia." Tukacheka, mimi na machozi yangu. Nikamwuliza mbona alinyamaza. "Msomaji wa mwisho nilikuwa mimi," akasema, "nami sikuiona." Nikatoka pale mwepesi, nikadhani yamekwisha.

Hayakwisha. Profesa alifariki, na mwanafunzi wake, ambaye sasa ndiye mkuu wa idara, anakusanya maandishi yake yawe kitabu, na nimesikia ataandika kwamba wakati wa makala ile akili ya mzee ilikuwa imeanza kuchoka. Si kweli! Akili iliyochoka ilikuwa yangu, na kiburi. Mimi nimesamehewa, lakini yeye atasomwa hivyo na watu ambao hawajazaliwa.

Niinueni mgongo. Chini ya godoro kuna bahasha ya kaki. Vuta... taratibu. Ndiyo hiyo. Kifunguamimba, ipeleke kesho, usingoje mazishi yangu, umpe huyo mkuu wa idara mkononi, si mlinzi wa mlangoni. Usinitetee. Mwambie mama yetu aliruka alama, kisha akanyamaza.

Mashine ya chapa ni ya kitindamimba, herufi moja inakwama, ibonyeze kwa upole. Nyumba ni yenu nyote wawili, msijenge ukuta katikati.

Nimeridhika, wanangu. Mungu awape kazi mtakayoipenda hata siku inapowaumbua. Awape... maji kidogo. Nilitaka kumwombea kila mjukuu kwa jina lake, sauti haifiki. Nitakapoishia, acheni nafasi nyeupe. Atazijaza Yeye... kwa mkono wake.