Fundi Kondo na Mikono ya Mwamini

Wasikilizaji wapendwa, leo tuna msiba wa mtu wetu. Fundi Kondo ametutoka. Narudia kwa mnaofungulia redio sasa hivi: Kondo, fundi pikipiki wa Ikwiriri, amefariki dunia.

Kama una pikipiki Rufiji hii na hukumjua Kondo, basi hiyo pikipiki unaisukuma tu. Lakini wengi mliijua sauti yake kuliko sura. Miaka sita hakutoka kitandani. Alianguka akijaribu pikipiki ya mteja njia ya Ngorongo, mgongo ukavunjika, miguu ikakataa. Kitanda kikasogezwa dirishani. Nje, mkewe Mwamini akashika spana. Ndani, Kondo akasikiliza injini na kutoa amri.

"Fungua plagi! Siyo spana hiyo, mke wangu, hiyo kubwa!"

Mwamini alifungua, na watoto wakala. Lakini kifungo kilikuwa cha wote wawili. Mume hawezi kutoka, mke hawezi kuondoka. Na wateja, jamani! Walimsalimia mume dirishani, wakamruka mke aliyechuchumaa mbele yao na grisi hadi viwikoni.

Zamda, dada yake Kondo, ameniambia hivi: "Kaka alikuwa halali usiku. Akasema, 'Zamda, nikifa watasema fundi kafa. Mwamini atakula nini?' Hofu hiyo ndiyo ilikuwa inamtafuna, siyo mgongo."

Sasa sikilizeni. Siku chache kabla ya kifo chake alikuja muuguzi Elinipendo kutoka Mbwara. Ana pikipiki ile ndefu ya matope, yenye matairi ya meno, ya kupelekea chanjo vijijini. Asubuhi inawaka kwa kiki moja. Ikishapata moto akaizima, haiwaki tena. Mara ngapi amekwama porini, maji mbele, maji nyuma, anapiga kiki mpaka analia!

Mwamini akaitazama. Plagi inatoa cheche. Mafuta yanafika. Akageukia dirishani.

"Baba Saidy, unasemaje?"

Kondo kageukia ukutani.

"Sema basi! Unaniaibisha mbele ya mgeni!"

Kimya. Mwamini alikasirika, wasikilizaji. Alidhani mumewe kamsusia. Akaikanyaga kiki kwa hasira, na hapo akashtuka. Kiki nyepesi mno, haina ubishi. Pumzi inavuja mahali.

"Dada, nani aligusa valvu?"

"Fundi wa kule kwetu," Elinipendo akajibu. "Zilikuwa zinagonga, akazikaza. Sasa injini imetulia, haina kelele kabisa."

Kumbe! Tunapenda injini iliyonyamaza, tunaona imepona. Mwamini akaiacha ipoe, maana valvu hupimwa injini ikiwa baridi. Alipoingiza kile kibati chembamba cha kupimia nafasi, hakikupita. Chuma kikipata moto hutanuka. Valvu isipoachiwa nafasi haifungi vizuri, nguvu inatoroka. Akazilegeza, akapima, akafunga.

"Mbona inagongagonga?" Elinipendo akanung'unika.

"Iache igonge kidogo. Kazunguke nayo mpaka ichemke, kisha uizime hapa hapa."

Akazunguka, akarudi, akazima. Mwamini akapiga kiki yeye mwenyewe. Moja tu. Ikawaka!

Elinipendo akakimbilia dirishani. "Ahsante sana, fundi!"

Kondo akageuka, macho yamejaa machozi. "Unamshukuru nani? Fundi ni huyo mwenye mikono michafu."

Zamda anasema Mwamini aliketi chini pale pale akalia. Alikuwa hajawahi kuitwa hivyo na mtu yeyote. Usiku ule Kondo alilala usingizi mzito. Juma lile lile akafariki.

Wasikilizaji wapendwa, tunawapa pole Mwamini, Zamda, watoto na ukoo mzima. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mwenyezi Mungu amlaze Kondo mahali pema.

Mwamini sasa yuko eda, ile miezi minne na siku kumi za mjane kukaa ndani. Dirisha limefungwa, spana zimefungiwa kwenye gunia, na mimi mwanamume sikuweza kuingia kumpa mkono. Nilisimama uani, Zamda akaniletea maneno yake. Hakuomba mchango. Hakuomba kusifiwa. Ametuma swali moja kwenu ninyi wenye pikipiki, na nimeahidi kulisoma kama lilivyo:

"Nikitoka eda, mtakuja?"