Roboti ya Mzee Waitara Inayotema Vumbi

Kataa. Kataa kabisa, sitakasirika: mimi Mniko, niliyeliacha darasa la sita mwalimu bado ameshika chaki, nimetengeneza roboti. Siyo redio, siyo pampu. Roboti ya kusafisha bwawa la kuogelea, nene kama kobe aliyeshiba, ambayo fundi mwenye cheti aliitazama akaishia kusema imezeeka. Mashahidi ninao, hapahapa kijiweni kwetu Mugumu, jirani na mabasi ya Musoma. Wa kwanza ni Masanja Karasha, Msukuma aliyeifuata dhahabu huku mwaka ule rashi, watu kumiminika machimboni, ilipoanza. Anaendesha karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, kwa hiyo anaongea kwa kelele hata ikiwa imezimwa. Wa pili ni Abdillah mwenye birika, ambaye babu yake alitoka pwani na yeye mwenyewe pwani hajafika. Alhamisi ile tulikuwa hoi. Wiki nzima mashimo yalikuwa yametoa mawe matupu, kahawa tunainyonya kidogokidogo isiishe, ndipo Mzee Waitara akatokea anasukuma toroli, roboti imelala ndani kama mgonjwa.

— Shikamoo, tata, nikamwamkia, ndivyo tunavyowaita baba zetu.

— Marahaba, Mniko. Nisogezeeni benchi, magoti yamegoma.

Mzee Waitara anatunza bwawa la loji ya pale juu, wanapolala wanunuzi wa dhahabu. Namjua vizuri, maana pampu ya loji ikisumbua naitwa mimi. Alikaa, akakohoa, akaifuta roboti kwa kofia yake.

— Hii kitu haisafishi tena. Kutembea inatembea. Inanguruma, inapanda ukuta, inashuka. Ikishapita, vumbi liko palepale. Wiki ya tatu leo naingia majini mwenyewe na brashi. Sasa meneja kasema, Jumamosi wageni wakikuta tope chini, nirudi Mbalibali nikachunge ng'ombe.

— Si afadhali? Ng'ombe hawana meneja, Abdillah akasema.

— Ningekuwa na ng'ombe, mura, kijana wangu, ningekuwa nasugua bwawa?

Masanja akaipindua roboti, tumbo juu.

— Mkanda huu! Karasha langu mkanda ukilegea, linapiga kelele na jiwe halisagiki.

— Mikanda nimebadilisha.

— Brashi?

— Nazo mpya. Mota alipima fundi wa Musoma. Nzima, ila kasema imezeeka.

— Basi imechoka tu, tata. Hata mimi nikiamka siku hizi nanguruma, kazi haionekani.

Abdillah akatikisa birika, akasikiliza kilichobaki.

— Shida ni maji. Huko ilikotoka hiyo imezoea chumvi. Mnaitia kwenye maji baridi ya kisima, itapata wapi nguvu? Tieni magunia mawili ya chumvi muone, wallahi.

— Wewe maji ya chumvi umeyaonea wapi? nikamuuliza.

— Yako kwenye damu.

— Kwenye damu yako mna kahawa tu. Mimina.

Masanja alikuwa ameshapata wazo, unamjua kwa anavyokodoa macho.

— Subirini. Wanaooga mle ni akina nani? Wanunuzi. Kutwa nzima wanashika dhahabu. Vumbi lake liko kwenye nywele, liko kwenye kucha. Wakizama, linabaki chini. Roboti inalila. Dhahabu ni nzito jamani! Imevimbiwa hii! Abdillah, leta karai tuoshe tumbo lake.

— Tumbo namwaga mimi kila jioni, Mzee Waitara akasema bila kuinua kichwa. Dhahabu hamna. Mna nywele.

Lakini mkono wa Masanja ulikuwa umeshafika kwenye kifuniko.

— Acha hapo! nikamkatiza. Unaujua umeme wa humo? Utarushwa ukadondokee mbali kule Nyanungu.

— Haijachomekwa, Mniko, Mzee Waitara akasema.

— Umeme unalala ndani, tata. Nisikilizeni mimi niliyefungua pampu mia.

Nikasimama juu ya benchi. Nikawaambia chini ya bwawa lile kumepita mwamba wa dhahabu, mnene kama paja la Masanja. Roboti ina sumaku. Ikishuka chini, mwamba unaivuta, akili yake inahama, inasahau uchafu. Ndiyo maana inazungukazunguka. Siyo mbovu! Inatuonyesha pa kuchimba!

Mashine ingekuwa na masikio ingeona aibu. Masanja aliamini papo hapo.

— Bwawa lina hatua ngapi?

— Ishirini, nikasema.

— Mashimo mawili yanatosha. Karasha tunaliweka penye miavuli.

— Na mimi birika naliweka kwenye zile ngazi, Abdillah akasema.

Mzee Waitara alitutazama mmoja mmoja. Macho yake yalikuwa mekundu kwa dawa ya maji.

— Kwa hiyo nikamwambie meneja, Jumamosi wageni wasioge, wachimbe?

Kikohozi kikambana tena, akakishikilia kwa mkono kifuani.

Ndipo akavuka barabara Zaitun, fundi cherehani wa kibanda cha mbele, amekuja na chupa yake ya kahawa.

— Hiyo nini?

Akaelezwa. Mwamba, chumvi, kuvimbiwa, vyote. Akasikiliza mpaka mwisho.

— Na uchafu inaoufyonza unakaa wapi?

— Kwenye mfuko, humo tumboni.

Akafungua kifuniko. Hakurushwa. Akauvuta mfuko, akaupikicha kwa vidole, akauinua juani.

— Mbona hiki ni kiroba cha sukari?

— Kiroba? Mzee Waitara akausogeza puani. Miwani yangu ilizama mwezi uliopita, mwanangu. Namwaga, narudisha. Siangalii.

Zaitun akachota vumbi la barabarani, akalitia ndani, akatikisa. Likapita lote, likamwagikia viatu vya Masanja.

— Inafyonza mbele, inatema nyuma. Mfuko wake halisi uko wapi? Na hiki nani alikishona?

Masanja akamtazama Abdillah. Abdillah akachungulia birika.

— Kahawa imekwisha, akasema.

Nikashika toroli. Niachieni, nikasema, Injinia nipo. Ijumaa jioni nikairudisha pamoja na mfuko wake wa kitambaa. Jumamosi sakafu ya bwawa ilikuwa inaonekana mpaka vigae vyake, na Mzee Waitara amekaa kitini, mkavu, kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu. Jumatatu akashuka kijiweni kwa miguu yake mibovu, akanishika mkono mbele ya wote: "Huyu ndiye Injinia."

Hapo ndipo huwa naishia nikisimulia. Leo nimechoka, nitakupa na kile ninachokirukaga.

Mfuko niliuchomoa mimi. Nilikwenda lojini kwa ajili ya pampu, wiki tatu kabla, nikaona kitambaa laini kisichopitisha hata unga, nikajiambia hiki kinafaa kwenye ubao wangu wa kuoshea dhahabu. Wenzangu wanatandika vipande vya blanketi, mimi nitatandika cha Ulaya, kinase hata ile chenga ya dhahabu inayowaponyoka. Nikashona kiroba badala yake, nikakigongomea kitambaa kwenye ubao kwa misumari minne. Kikanasa tope siku ya kwanza, kikaziba, kikawa utelezi. Dhahabu yote ilikuwa inateleza juu yake inakwenda na maji. Wiki tatu sikupata hata ya kuzibia jino, na yule mzee yuko majini na brashi.

Matundu manne ya misumari niliyaziba kwa uzi. Ijumaa ile, kabla ya kuurudisha mfuko ndani, Mzee Waitara aliupapasa kwa kidole gumba, tundu moja, la pili, la tatu, la nne. Miwani hana, vidole anavyo. Kisha akaniambia nipumzike, naonekana nimechoka.