Msalaba wa Mzee Eustaki

Kijiwe cha nyuma ya soko, Sumbawanga mjini, kina benchi moja tu, na wenyewe hawapendi likaliwe na kila mpita njia. Lilikuwa la Mzee Eustaki muuza kahawa, aliyefariki masika ya mwaka tisini na mbili. Siku hizi kahawa anamimina Redempta, ila wakaaji ni walewale. Yupo Gabriel, jina la kijiweni Redio, anayejua habari kabla hazijatokea. Yupo Shija, Msukuma aliyehamia Rukwa na ng'ombe wake, anayeitwa Mia kwa sababu hajawahi kukubali kwamba wako tisini. Na yupo Kalisti fundi seremala, yaani Randa, anayekaa katikati siku zote, kwenye ubao mpya kuliko wenzake. Novemba hiyo ya tisini na tatu, siku ya kuwaombea marehemu, upepo wa Ufipa ulikuwa unakata masikio, na mgeni wa heshima alikuwa Evaristi, mtoto wa marehemu Eustaki, aliyerudi jana yake kutoka Polandi alikosomea udaktari wa mifugo.

— Mji mzima, wazee wangu, — Evaristi alisema. — Siku kama hizi wote wanakwenda makaburini na mishumaa kwenye vikopo vya kioo. Jioni kilima chote kinawaka.

— Acha kamba, daktari, — Mia alisema. — Mji mzima?

— Wanasugua makaburi kwa maji na brashi. Kaburi lisilo na mwenyewe, watu baki wanaliwashia.

— Watu baki! — Redio nusura amwage kahawa. — Hapo pana siri. Si wameingia vyama vingi kama sisi? Wanawaandikisha marehemu wapige kura. Mshumaa ndiyo kadi!

— Wee, ni baridi hiyo, — Mia alisema. — Theluji si inafika magotini? Wanawakokea moto. Sisi wazee wetu tunawapa pombe, lakini wangekuwa wanatetemeka, ningewapelekea hata koti la mtumba.

— La mtumba? — Redio alidakia. — Kafa-ulaya, nguo za wazungu waliokufa? Hayo makoti si ndiyo yao! Mishumaa ni ya kuwabembeleza wasije wakafuata nguo zao mpaka Sumbawanga. Hilo ulilovaa, Mia, umelipata wapi?

Mia alilitazama koti lake, akafungua kifungo kimoja. Watu wakacheka. Kalisti naye alicheka, ila kwa kuchelewa.

— Na wewe huko ugenini ulimwashia nani? — Redempta aliuliza.

— Katikati ya makaburi pana msalaba mkubwa, wa wenye marehemu wa mbali. Mwaka jana nilipiga magoti pale, nikamwashia baba. Bibi mmoja akaniuliza, baba yako amelala wapi? Nikatoa barua ya Mzee Gabriel, nikamfasiria: tumemzika vizuri, Randa amemchongea msalaba wa mninga. Yule bibi akalia. Akasema, baba yako ana marafiki.

Redio alivimba kifua. Kalisti aliinamia kikombe chake. Msalaba aliuchonga kweli, tena machozi yakimdondokea kwenye msasa. Mvua haikukatika, akauegemeza kibandani angoje udongo ukauke, na wenzake walipomwuliza, aliwaambia ameshausimika. Kisha ubao wa benchi ukapasuka, wakapiga kelele watakaa wapi, naye akang'oa mkono wa msalaba, akachukua ule mti mrefu, akaugongomea kwenye benchi, jina likitazama chini. Ni wa kuazima tu, alijiambia, wiki ijayo nachonga mwingine. Wiki hiyo haijafika. Aibu ilimchoma mpaka kwenye kucha, na bado hakusimama.

Hapo akatokea Leonia, dada yake Evaristi, aliyeolewa Kasanga. Alikuwa ameshuka kwenye lori la dagaa alfajiri, viatu tope tupu, mkononi mfuko wa mishumaa aliyoagizwa na kaka yake. Wakati wa msiba alikuwa na mimba kubwa, wakamkataza kufika makaburini.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, mwanangu. Kaa unywe kahawa.

— Sikai. Tangu asubuhi nazunguka makaburini. Nimesoma kila msalaba, mpaka misalaba ya watoto wachanga. Wa baba uko upande gani?

— Si kule kwenye mikaratusi? — Redio alisema.

— Nimetoka huko.

— Mwulize Randa, — Mia alisema. — Ndiye aliyeusimika.

Kalisti akasimama.

— Simameni, — alisema. — Simameni wote.

Vikombe vikawekwa chini. Akalishika benchi, akaligeuza miguu juu. Kwenye ubao wa katikati herufi zilikuwa bado safi, maana jua wala mvua havikuzigusa: EUSTAKI, na chini yake, APUMZIKE KWA AMANI.

Redempta alipiga yowe, akajiziba mdomo. Mia akavua kofia. Evaristi alitoa ile barua mfukoni, akaitazama kama hajui kusoma.

— Mmemkalia, — alisema. — Mwaka na nusu mmemkalia baba yangu.

— Nisameheni, wanangu, — Kalisti alisema, na sauti yake ilikuwa imekwisha. — Leo hii naubeba. Mwenyewe, begani.

Leonia alikuwa amechuchumaa, anapitisha kidole kwenye jina la baba yake, herufi moja moja.

— Sawa, mzee wangu, utaubeba. Utausimika juu ya kaburi lipi?

Kalisti akamtazama Redio. Redio akamtazama Mia. Wote watatu walilibeba lile jeneza kwenye mvua, na tangu siku ile hakuna aliyerudi kulitazama kaburi.