Skii za Borghild

Benchi la gogo lililo mbele ya duka la michezo la Skarvli lina wenyewe. Kila Jumamosi ya Machi hukaa hapo na chupa ya kahawa na kipande cha jibini ya kahawia, wakimtafutia kasoro kila apitaye na skii, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, begani. Leo kibao kiliwageukia wenyewe. Eilif, mmoja wao, alitoka dukani kakumbatia jozi mbili, ndefu na fupi, ambazo alikuwa hajazilipia. Pasaka iliyopita alimnunulia mkewe Borghild skii, na kila akipanda kilima zikawa zinamrudisha nyuma. Mama wa watu alifika kibandani mlimani saa mbili baada ya wenzake, akalia, akasema yeye na skii basi. Mwaka huu Eilif alitaka kumshtukiza na jozi ya kumfaa, maana hakuwa na moyo wa kwenda mlimani peke yake. Na duka lilikuwa linafungwa saa tisa.

— Hilo nalo la kuumiza kichwa? — alisema Torgrim, ambaye wanamwita Mzee Nta kwa kuwa hata kanisani hunukia nta ya kupaka skii. — Nyoosha mkono juu. Skii ikifika kwenye kifundo cha mkono, lipa uende zako. Baba alipima hivyo, na babu pia.

— Ninyooshe mkono wa nani? Borghild mwenyewe ananifika begani.

— Wako! Mume na mke si mwili mmoja?

— Ndivyo nilivyofanya mwaka jana, — alisema Eilif kwa sauti ndogo.

Benchi zima likaangua kicheko. Eilif naye akacheka, ila moyoni aliona aibu.

— Mkono mtupu haulambwi, — alisema Sigvart, mtu anayetia methali kwenye maneno kama anavyotia chumvi, bila kuonja. — Angalia kiatu, bwana. Mguu mkubwa, skii ndefu. Shemeji anavaa namba ngapi?

— Thelathini na saba.

— Basi mchukulie za mtoto.

— Akipeleka za mtoto atalala kwenye theluji huyu! — alisema Mzee Nta.

— Nyote mmeyumba, — alidakia Arnulf. Huyu ndiye Waziri, cheo alichopewa na benchi tangu alipokaa miezi miwili kwenye kamati ya kuzoa theluji. — Skii hupimwa kwa kitanda. Isiyoingia chini ya kitanda cha kibandani ni ndefu mno. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Ainame nani? — aliuliza Eilif.

— Skii!

— Acha kamba, Waziri, — alisema Sigvart. Cha kutazama ni hasira. Mke mkali mpe ndefu, asiweze kugeuka upesi akakurudia.

— Borghild si mkali, — alisema Eilif.

— Subiri akuone na hizo za mtoto.

Mlango ukafunguliwa. Akatoka Tuva, binti aliyeanza kazi dukani wiki ile.

— Wazee wangu, zimebaki dakika kumi. Mmechagua?

— Tuko mbioni, — alisema Waziri.

— Atakayezivaa ana kilo ngapi?

Mzee Nta akachungulia kikombe chake.

— Kilo za nini tena, binti?

— Uzito ndio unaoikandamiza skii ishike theluji mtu anapopanda. Mwepesi akivaa ndefu, ambayo ni ngumu kukandamizika, kazi yake ni kurudi nyuma.

Miaka thelathini na minne ya ndoa. Eilif alijua Borghild anaogopa radi na hapendi kahawa iliyopoa. Kilo zake hakuzijua. Hakuwahi kuuliza.

— Si umpigie simu? — alisema Tuva.

— Mwanamke haulizwi kilo! — benchi likasema kwa pamoja, na siku nzima hiyo ndiyo mara ya kwanza kukubaliana.

Eilif akapiga.

— Borghild, mama, usikasirike. Una kilo ngapi?

Sauti ikatoka simuni, wote wakaisikia.

— Hamsini na tatu. Uko na wale wa benchi?

— Niko nao.

— Ukawauliza wao kwanza.

— Nisamehe, mke wangu. Nataka Pasaka hii twende wote, na safari hii tuongozane.

— Wazee, nafunga sasa hivi! — alisema Tuva mlangoni, na Borghild akamsikia.

— Mwambie huyo binti asifunge, — alisema Borghild. — Nakuja mwenyewe. Na wewe Eilif, mkono wako wa kupimia uwe mfukoni.