Choo Kisicho na Serikali

— Soli, ukishauza choo cha watu wote, mimi nitajisaidia wapi?

— Hapo hapo, Kinyozi. Utalipa mlangoni kama mtu mzima.

Mama Birika, muuza kahawa wa kona ile, aliwamiminia kahawa. Benchi lao liliegemea ukuta wa kinyozi, likitazama lango la uani. Humo uani mlikuwa na bomba moja na choo kimoja, na watu wote wa kona ile walivitegemea. Palikuwa na kibao chenye kamba, kimeandikwa ZAMU. Kila asubuhi mzee fundi saa alikitundika kwenye mlango wa mtu, na huyo ndiye aliyesafisha choo siku hiyo, apende asipende. Wiki tatu zilizopita mzee alihamia kwa binti yake. Kibao kikabaki kwenye msumari wa lango, hakuna aliyekigusa. La ajabu, choo kiliendelea kung'aa mpaka juzi.

Leo kilikuwa hakiingiliki. Mwenye nyumba alikuwa ametuma salamu kwamba, kwa uchafu huo, saa sita mchana lango litapigwa kufuli, choo na bomba pamoja. Wanaume wa benchini wangekosa pa kujisaidia. Mama Birika angekosa maji ya kahawa, na bila maji hakuwa na kazi.

Ubishi wenyewe uliletwa na mwanafunzi mmoja wa chuo, ambaye wakati ananyolewa alimfundisha Kinyozi maneno matatu. Kinyozi alichukua la kwanza, uanarkia: hakuna serikali, hakuna bosi, hata mwenye nyumba hakuna. Mali ni ya wote, na watu hukaa wakaelewana kama ndugu. Soli, fundi viatu, alichukua la pili, uanarkia wa kibepari. Naye serikali hakuitaka, ila kila kitu kiwe na mwenyewe, na ulinzi na hukumu vinunuliwe kama soli za viatu. Karani mstaafu, mtu wa tai hata siku za joto, alichukua la tatu, ulibertari. Yeye aliikubali serikali, mradi iwe ndogo: imkamate mwizi, isimamie mikataba, kisha ikae kimya na kumwacha mtu na uhuru wake.

— Wiki tatu bila kiongozi, choo safi, Kinyozi alisema, akiongeza kikombe cha nne. — Mtu huru akiona uchafu, mkono wenyewe unatafuta ufagio.

Soli alisema huo si udugu. Bila shaka kuna mtu aliyeona choo kama mali yake, na mali hutunzwa na mwenyewe. Karani akasema wote wawili wamekosea, watu walifanya vizuri kwa sababu hakuna aliyewaamrisha.

Mama Birika aliegemeza mgongo wake kwenye nguzo. Yeye ndiye aliyekuwa akisafisha. Kila alfajiri alipokuja kuteka maji, harufu ilimkera, akaona ni afadhali apige deki kuliko kuchemsha kahawa huku ameziba pua. Juzi mgongo ulimkatalia. Alitaka kuona ni nani kati ya wanafalsafa hawa atakayenyanyuka.

Hakunyanyuka mtu. Soli alikuwa ameshaweka, kwa maneno tu, kampuni mbili za walinzi wa choo, zishindane, na mahakama ya kukodi ya kuamua ugomvi wao. Karani alitaka mlinzi mmoja tu, tena marufuku kushika ufagio, maana leo atashika ufagio, kesho atataka kodi. Kinyozi alidai hata saa ya ukutani ni bosi, iondolewe. Soli akamwuliza mbona kioo cha kinyozi hakishikwi na mteja yeyote.

— Hicho ni changu, Kinyozi alisema, kisha akapandisha mguu juu ya mguu na kuubana.

Ndipo alipofika mkwe wa mwenye nyumba, msichana mpole, kufuli mkononi. Karani alimsimamisha, akampa falsafa zote tatu kwa mpangilio, na ushahidi wake: wiki tatu za usafi. Msichana alisikiliza hadi mwisho.

— Nimewaelewa, wazee wangu. Hizo wiki tatu, alikuwa anasafisha nani?

Kinyozi alimtazama Soli. Soli alimtazama Karani. Karani akaikaza tai yake. Mwishowe wote watatu wakaangalia mikono iliyoshika birika. Ilikuwa imepasuka vidoleni kwa sabuni.

— Baba mkwe aliniambia nifunge, msichana alisema, — au ufunguo nimwachie anayesafisha.

Akamkabidhi Mama Birika kufuli na ufunguo, akaaga. Mama Birika alitua birika, akakitoa kibao msumarini na kukivaa shingoni. Alichukua ndoo tatu, akaenda nazo langoni taratibu, mkono mmoja kiunoni. Kinyozi alikuwa ameshasimama. Vikombe vinne si mchezo, na alikuwa akihama kutoka mguu huu hadi huu. Akataka kupita. Mama Birika akasimama katikati ya lango.

— Karibuni, kaka zangu. Kila mmoja aingie na falsafa yake na ndoo yake. Zamu ya kwanza ni ya aliyebanwa zaidi.