Mwalimu Theodosia, Aliyekataa Kumchorea Samaki Mkia

Ndugu waombolezaji, nitakayosoma hapa hamtayaamini, hasa kwa kuwa msomaji ni mimi Urbano, mjomba wa marehemu. Vumilieni tu.

Theodosia alizaliwa tarehe 3 Mei 1984 hapa Muyinga, mtoto wa pili wa dada yangu. Mwaka 1994, kwa ajili ya vita hapa Burundi, familia ilikimbilia Ngara, Tanzania, na huko kambini kwa wakimbizi alisoma msingi hadi sekondari. Kila mwaka alikuwa wa kwanza. Akili hizo ni za upande wetu. Mimi niliishia darasa la tano kwa sababu walimu walichoka. Alirudi mwaka 2005 kupitia mpaka wa Kobero, akaanza kufundisha hapahapa Muyinga.

Mwaka 2009 alifunga ndoa na Fredi, wakahamia Musinzira, Gitega, akaendelea na ualimu.

Siku moja mwaka 2016 alinunua karanga dukani kwa Sudi, mtaa wa Magarama, hukohuko Gitega. Karatasi aliyofungiwa ilikuwa na samaki mwenye ndevu na taa kwenye paji la uso! Alirudi mbio. Alimkuta Sudi anachana kitabu kikuukuu cha Wazungu, cha samaki wa ajabu waliochorwa kwa mkono zaidi ya miaka mia iliyopita.

"We mwalimu, unanunua karanga ao karatasi?" Sudi alimuuliza. "Hii iko nguvu, haipitishe mafuta."

Walielewana. Theodosia alileta madaftari ya zamani ya wanafunzi, yakapimwa kwenye mizani, uzito kwa uzito. Asante, Sudi. Leo umekuja bila karanga, tumekuona.

Zilibaki picha thelathini na nane. Kwa miaka saba alizinakili kwa rangi, ziende kwenye shule aliyoanzia kufundisha hapa Muyinga, ambako watoto wengi samaki wanayemjua ni ndagala mkavu. Sasa, mmoja, mrefu kama nyoka, alichukua kurasa mbili, na ukurasa wa mkia ulikwishaondoka na karanga za watu.

"Mpwa wangu, mchoree mkia wowote," nilimshauri. "Nani atajua?"

"Nitajua mimi, Mjomba. Mtoto akigundua mmoja ni wa uongo, hao thelathini na saba atawaamini vipi?"

Figo zilianza kumsumbua Oktoba 2023. Kifo hakikumtisha sana. Alichoogopa ni mimi kubaki na picha zake. Alifariki tarehe 9 Juni 2024, hospitalini Gitega, mkono wake ukiwa katika mkono wa Fredi. Tunawashukuru wauguzi, na majirani wa Musinzira waliopokezana kumletea uji.

Ameacha mama, mume, na watoto wawili, Imelda na Thomas. Jumatatu picha zote zinakwenda shuleni, yule mrefu bila mkia, mahali pa mkia pakiwa peupe kama alivyotaka. Mungu ampe pumziko la amani, nasi tumshukuru kwa kutukopesha mtu wa namna hii.

Wasifu huu, kabla sijaongeza habari za kifo, alinilazimisha nimsomee siku nne kabla hajatutoka. Mwisho wake nilikuwa nimeandika hivi: "Na mkia wa samaki yule mimi Urbano niliuona kwa macho yangu Kobero, juu ya lori, unang'aa kama dhahabu, urefu wake mita kumi na—"

"Mjomba," alisema, akafungua jicho moja. "Nipe hiyo kalamu."